Muscadet na samaki wa beurre blanc: mwongozo kamili, kuanzia chupa dukani mpaka sosi isiyokatika

Kila nikimwelekeza mtu chakula hiki, samaki kwa sosi ya siagi iitwayo beurre blanc pamoja na waini ya Muscadet, narudishiwa malalamiko yaleyale. "Waini ilikuwa kali kama ndimu." "Sosi ilikatika, mafuta juu maji chini." Mwingine alienda dukani akarudi na waini tamu kama sharubati, akaniambia Muscadet haifai na samaki. Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja alifanya nini na nini, nikakuta wanakwama palepale: chupa sio yenyewe, chupa imepozwa kupita kiasi, moto wa sosi mkubwa, na pilipili mezani. Kwa hiyo naandika yote hapa, hatua kwa hatua na sababu zake, upike ukiwa na simu pembeni.

Kwa asiyeijua, Muscadet (wanatamka "myuskade") ni waini nyeupe drai (yaani isiyo tamu) ya magharibi mwa Ufaransa, mashamba yake yako kuzunguka mji wa Nantes, hasa kusini mashariki, sio mbali na pale mto Loire unapoingia Atlantiki. Zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne. Alkoholi ni kama asilimia 12, harufu haipigi kelele, ladha ni ya limau, tofaa bichi na kachumvi kwa mbali. Ukiinywa yenyewe tu bila chakula unaweza kusema mbona hamna kitu, na ndo maana watu wanaidharau. Ni waini ya mezani, bila siagi, chumvi na kitu cha majini pembeni hujaionja bado.

## Vitu vya kuandaa (watu wanne)

Waini: chupa 2 za Muscadet Sèvre et Maine sur lie. Mililita 300 hivi zinaingia kwenye sufuria, zinazobaki ni za glasi.

Kome: kilo moja na nusu, wa kuanzia. Wale wadogo wanaofugwa kwenye nguzo baharini, Wafaransa wanawaita moules de bouchot, ndo watamu zaidi.

Samaki: minofu 4 ya sandre, gramu 170 hivi kila mmoja. Huyu ni samaki wa mto, nyama nyeupe imara. Ukimkosa tafuta perche du Nil, ambaye ni sangara wetu huyuhuyu wa Ziwa Victoria, maduka mengi Ufaransa na Ubelgiji wanamuuza.

Sosi: siagi gramu 250 isiyotiwa chumvi, shaloti 3 (vile vitunguu vidogo virefu), Muscadet mililita 100, siki nyeupe ya waini vijiko 4 vya chakula, chumvi, pilipili manga nyeupe kidogo.

Vingine: shaloti 2 za kupikia kome na siagi kijiko kimoja, karoti 1, kitunguu 1, tawi la thaimu, viazi kilo moja, chumvi ya Guérande kama unaipata (chumvi ya bahari ya hukohuko jirani na Nantes), barafu.

Vyombo: sufuria ndogo yenye kitako kizito, sufuria kubwa yenye mfuniko, waya wa kupigia mayai, ndoo au beseni la kupozea chupa. Kipimajoto cha jikoni sio lazima ila mara ya kwanza kitakusaidia sana.

Na siagi iwe siagi ya maziwa kweli. Majarini haitokupa sosi hii hata uipige mpaka usiku, nitaeleza mbele kwa nini.

## Hatua ya 1: Kununua chupa yenyewe

Hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata jiko halijawashwa, kwa sababu ya majina kufanana.

Muscat sio Muscadet. Muscat ni zabibu nyingine kabisa yenye harufu kubwa ya maua. Muscat de Rivesaltes na Muscat de Beaumes-de-Venise ni tamu, alkoholi yake inafika asilimia 15 au zaidi, mtu anakunywa na tunda au keki. Ukiiweka na samaki utalaumu samaki bure. Kabla hujalipa angalia ile namba ya alkoholi, ukiona 15 rudisha kwenye shelfu.

Gros Plant nayo sio. Inatoka mkoa huohuo na inapangwa pembeni yake, imetengenezwa na zabibu ya Folle Blanche na uchachu wake ni mkali zaidi. Na chaza inakwenda, ila kwa sosi ya leo itakuuma meno.

Tafuta lebo yenye maneno mawili: "Sèvre et Maine", hiyo ni mito miwili inayopita eneo lenye mashamba mengi zaidi, na "sur lie". Hili la pili ndo muhimu. Maana yake waini imelala kipindi chote cha baridi juu ya mashapo ya hamira yake, haijahamishwa wala kuchujwa mapema. Yale mashapo yanaipa unene mdomoni na kaladha kama ka mkate, bila hayo inakuwa nyembamba na siagi inaifunika yote. Lebo imeandikwa Muscadet tu bila sur lie? Iache kama kuna nyingine.

Mwaka wa mavuno usikuumize kichwa, chukua ya mwaka jana au juzi. Bei mara nyingi haifiki euro 10, na hii ni sababu mojawapo naipenda, unapata waini ya uhakika bila kuvunja benki.

Ukitaka kupanda daraja kuna chupa zenye jina la kijiji, Clisson, Gorges na Le Pallet ndo za kwanza kutambuliwa rasmi, mwaka 2011. Hizi zinakaa na mashapo muda mrefu zaidi, Clisson na Gorges miaka miwili, zinakuwa nzito na unaweza kuzitunza hata miaka kumi. Kwa sandre ni tamu ajabu ila kwa kome naona ni kuzionea, kome wanataka ile ya kawaida yenye wepesi.

## Hatua ya 2: Kupoza bila kuiua

Ya kawaida inywewe kwenye nyuzi 8 mpaka 10, ya kijiji 11 au 12. Friji ya nyumbani inakaa kama nyuzi 4, kwa hiyo chupa iliyolala friji tangu jana ni baridi mno, harufu yote inajificha na kinachobaki ni uchachu mtupu. Wale wa "kali kama ndimu", karibu wote waliimimina moja kwa moja kutoka friji au, mbaya zaidi, friza.

Fanya hivi: ikiwa friji, itoe dakika 20 kabla ya kula. Ikiwa ya joto la chumbani, jaza ndoo nusu barafu nusu maji, tupia chumvi kiganja kimoja, ingiza chupa mpaka shingoni, dakika 20 inatosha. Maji lazima yawepo, kwa sababu barafu peke yake inagusa kioo sehemu chache tu, maji yanaikumbatia chupa yote, na ile chumvi inashusha joto zaidi. Friza achana nayo, ukisahau kidogo waini inatanuka na kusukuma kizibo.

Ukimimina unaweza kuona viputo vidogo vimeshika kwenye glasi na ulimi unasikia kamchomo kidogo. Haijaharibika. Ni gesi iliyobaki humo kwa sababu ya kulala kwenye mashapo, na ni dalili nzuri.

Sasa fungua chupa moja upime mililita 300 za kupikia, na uonje kwanza. Kama ina harufu ya boksi lililolowa au gazeti bovu, kizibo kimeiharibu, usipikie, kupika hakuondoi ile harufu.

## Hatua ya 3: Viazi na maji ya samaki

Anza na hivi kwa sababu havihitaji macho yako. Viazi vichemshwe na maganda, maji ya chumvi, vikiiva viache humohumo kwenye maji ya moto.

Kwenye sufuria pana weka maji lita 2, karoti na kitunguu vilivyokatwa, thaimu, chumvi kijiko cha chakula, siki kijiko kimoja. Chemsha dakika 15 alafu zima. Samaki bado.

## Hatua ya 4: Kome

Wapitishe kwenye maji baridi ya bomba upesi, wavute zile nyuzi zinazotoka pembeni mwa gamba. Usiwaloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, wanakufa na wanapoteza maji yao ya bahari ambayo ndo utamu wenyewe. Aliyevunjika gamba tupa. Aliyeacha mdomo wazi mgonge taratibu na mwenzake, akijifunga yuko hai, asipojifunga tupa, hapa usione huruma kwa sababu kome mfu atakulaza hospitali.

Yeyusha siagi kijiko kimoja kwenye sufuria kubwa, shaloti 2 zilizokatwa ndogondogo zilainike bila kuwa kahawia, mimina Muscadet mililita 200, moto juu kabisa. Ikichemka kwa nguvu dakika moja, mwaga kome wote, funika, tikisa sufuria mara mbili tatu. Dakika 3 mpaka 5 basi. Wakifunguka toa palepale, kila dakika ya ziada inawageuza mpira. Ambaye hajafunguka kabisa muweke pembeni, asiliwe.

Chumvi usiweke. Maji yao yanatosha.

Ukifanikiwa, nyama imejaa gamba, inang'aa ya rangi ya chungwa, na mchuzi wa chini una chumvi na harufu ya waini bila kuchoma koo. Kuleni hawa kwanza kwa mkono na mkate, na hapo mtu aonje Muscadet yake, kome mmoja, fundo moja. Chumvi ya kome inaulainisha uchachu wa waini, unashangaa ni ileile uliyoona kali dakika mbili zilizopita.

Kama mezani kuna asiyetumia pombe, na kwenye familia zetu wapo wengi, mpikie sufuria yake tangu mwanzo kwa maji kidogo na ndimu. Usimwambie pombe imeisha kwenye moto, haiishi yote.

## Hatua ya 5: Msingi wa sosi

Mkishamaliza kome rudi jikoni, wageni wapumzike, robo saa hivi haichoshi mtu.

Beurre blanc maana yake siagi nyeupe. Ni sosi ya hukohuko Nantes, haina unga wala yai, kinachoishikilia ni namna ulivyoipiga tu. Ndo maana inakatika.

Shaloti 3 zikate ndogo kadiri unavyoweza, weka kwenye sufuria ndogo na Muscadet mililita 100 na siki vijiko 4. Moto wa wastani, bila mfuniko, iache ikauke taratibu mpaka ibaki kama vijiko viwili vya maji na shaloti zimelowa. Inachukua dakika 8 mpaka 10.

Makosa mawili hapa. Kwanza kutoa mapema, maji yakiwa mengi sosi inakuwa nyepesi kama supu na uchachu haujakolea. Pili kusahau mpaka ikauke kabisa, siagi inakosa maji ya kushikana nayo. Ukiona imekauka ongeza kijiko cha maji, hakijaharibika kitu.

Wakati inapungua, kata siagi vipande kama vya sukari ya mchemraba na uirudishe friji. Lazima iwe baridi.

## Hatua ya 6: Samaki

Rudisha yale maji ya karoti kwenye moto mpaka yaanze kutoa mvuke na kutetemeka kidogo pembeni, yasichemke. Ingiza minofu, punguza moto, dakika 8 hivi kwa mnofu mnene. Maji yanayochemka yanavunja samaki na kumkausha, na huyu hana mchuzi wa nazi wa kumficha.

Ameiva pale ukimgusa na uma anaachana vipande vipande na katikati hana tena ule ung'avu wa ubichi. Zima, mwache humo ndani wakati unamalizia sosi.

Sahani zako pia zipashe joto sasa, zitie kwenye maji ya moto au ovena yenye moto mdogo. Sosi hii ikimwagwa kwenye sahani baridi inaganda.

## Hatua ya 7: Kuingiza siagi, polepole

Sufuria ya shaloti weka kwenye moto mdogo kuliko wote ulio nao. Tupia vipande viwili vya siagi, piga na waya bila kusimama mpaka viwe cream, ongeza viwili vingine kabla vya kwanza havijayeyuka vyote, endelea hivyohivyo. Kama jiko lako moto wake mdogo bado ni mkubwa, inua sufuria, rudisha, inua, rudisha. Mkono wako ndo kidhibiti joto. Vipande vyote viingie ndani ya dakika 5 au 6.

Kwa nini iwe hivi? Siagi sio mafuta matupu, asilimia 82 hivi ni mafuta, iliyobaki karibu yote ni maji na vitu vya maziwa kidogo. Vile vitu vya maziwa ndo vinazunguka kila tone la mafuta na kulizuia lisiungane na mwenzake. Joto likipita kama nyuzi 58 vinashindwa kazi, mafuta yanajitenga na sosi inakatika. Ndo hivyo siagi iliyoyeyushwa kabla haifanyi kazi, imeshajitenga tayari, na majarini haina muundo huo wa maziwa. Ubaridi wa kila kipande unashusha joto la sufuria, kwa hiyo ile baridi ya friji inakulinda.

Mwenye kipimajoto akae kati ya nyuzi 45 na 55. Asiyenacho aweke kidole pembeni ya sufuria juu kidogo, ukivumilia sekunde mbili tatu uko salama. Ukiona kiputo kimoja tu cha kuchemka, toa sufuria kwenye moto papo hapo.

Malizia na chumvi na pilipili manga nyeupe. Sosi nzuri ni ya rangi ya maziwa mazito, inashika mgongo wa kijiko, na ukipitisha kidole mstari unabaki. Ladha ni siagi kwanza alafu uchachu unakuja nyuma. Wengine wanachuja shaloti, mimi naziacha, nazipenda chini ya jino.

Mara ya kwanza kuongeza kijiko kimoja cha krimu nzito kwenye shaloti kabla ya siagi sio dhambi, inasaidia sosi kushikana. Wenyeji wa Nantes watakubishia kwamba hiyo sasa ni beurre nantais, jina lingine. Ukishazoea acha krimu.

### Ikikatika

Usiimwage. Mimi ya kwanza ilinikatikia wageni wakiwa wameshakaa, nikaitupa yote na kuwapa samaki na limau, kumbe ilikuwa inaokolewa kwa dakika mbili.

Chukua sufuria nyingine safi, weka kijiko kimoja cha maji baridi (au krimu), na anza kumimina ile iliyokatika kidogokidogo kama uzi huku unapiga kwa nguvu, bila moto. Inarudi. Sio laini kama ya kwanza, ila inarudi na inalika vizuri kabisa.

Ikikaa inapoa, na ikipoa sana inaganda, na ukiirudisha kwenye moto ndo inakatika hapo. Kwa hiyo tengeneza mwisho, peleka mezani palepale. Lazima isubiri? Sufuria ikae juu ya maji vuguvugu, dakika 15, usizidishe.

## Hatua ya 8: Mezani

Mtoe samaki, mkaushe maji na kitambaa safi, kwa sababu maji yake yataipasua sosi. Viazi vimenywe, vinyunyizwe chumvi ya Guérande. Sosi juu ya samaki nusu, nusu kwenye bakuli pembeni. Mimina waini kidogokidogo, robo glasi inatosha, ili isipate joto kabla hujaimaliza.

Kula kipande chenye sosi ya kutosha, kunywa fundo moja. Siagi inapaka ulimi wote, Muscadet inakuja kuusafisha, na unajikuta unataka kipande kingine kana kwamba ndo unaanza. Hisia hiyo ukiipata ujue umepatia. Kama waini inaonekana maji tupu, chupa yako haikuwa sur lie. Kama bado inauma, imepozwa mno, ishike glasi kwa viganja dakika tano uonje tena.

## Nini kingine kinakwenda nayo, na nini hapana

Chaza wabichi ndo rafiki zake wa siku zote, hasa Desemba. Kujua saizi: namba kubwa ni chaza mdogo, namba 3 ndo ya kawaida. Wakifunguliwa mwaga maji ya kwanza, subiri dakika kumi, atatoa mengine safi zaidi. Siki ya shaloti weka tone tu, ukizidisha waini inapotea.

Sardini wa kuchoma na chumvi, kaa, kamba, jibini la mbuzi bichi, vyote sawa. Kwa chakula chetu, pweza au dagaa wa kukaanga wakavu, samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, vinakwenda vizuri sana nimejaribu mara nyingi.

Samaki wa kupaka hapana, naomba tu tukubaliane. Nazi ina utamu, na utamu unaifanya waini drai ionekane chachu zaidi, alafu pilipili ikikutana na alkoholi inawaka mara mbili. Ukiitaka nayo lazima, chukua ile ya Clisson au Gorges na pilipili uiache nje. Nyama choma nayo inataka waini nyekundu, achana na Muscadet hapo.

Sosi iliyobaki tia friji, asubuhi imekuwa siagi yenye shaloti, ipake kwenye viazi vya jana ukivikaanga. Waini iliyobaki funga kizibo, friji, siku mbili au tatu inanyweka, baada ya hapo ipikie kome.